Nyota Iliyo Juu ya Kibla Chetu

Mtu wa Mombasa asimamapo kuswali huwa ameelekea kaskazini. Jambo hili twalijua tangu utotoni, lakini ni wachache wanaojua jinsi lilivyo sawasawa. Mombasa iko kwenye digrii 39.7 mashariki, na Makka iko kwenye digrii 39.8. Ukiutandaza uzi kutoka Kisiwani hadi Al-Kaaba, uzi huo utakwenda kaskazini moja kwa moja, haupindi kulia wala kushoto kwa kiasi cha digrii nzima. Malindi na Lamu nazo hazitofautiani sana na hapo. Kwa hivyo mbingu ya kaskazini, kwetu sisi watu wa pwani, ndiyo mbingu iliyosimama juu ya mihirabu zetu.

Basi nauliza, ndugu msomaji: katika mbingu hiyo kuna nini?

Nimeliuliza swali hili katika mabaraza kadha wa kadha, na aghalabu jibu ni kimya. Leo nataka kutaja kitu kimoja tu kilichomo humo. Si kikubwa cha kushangaza macho. Ni nyota hafifu iitwayo Thubani, ambayo mwangaza wake ni mdogo hata mwenye haraka hawezi kuiona. Lakini nyota hii ina habari ndefu, na ndani ya habari yake mna somo ambalo naona tumelisahau.

Namna ya kuiona

Ngojea mwezi wa Juni, usiku usio na mbalamwezi wala mawingu. Baada ya swala ya Isha, kwenye saa tatu, toka nje ya taa za mji, uelekee Kibla. Juu kidogo utaziona nyota saba zilizopangika kama upawa uliopinduliwa. Hizo ndizo Waarabu walizoziita Banati Naashi, yaani mabinti wa jeneza. Chini yake, karibu na upeo wa macho, utaona nyota mbili zilizoandamana. Hizo ni Farkadani. Sasa tazama katikati, baina ya mkia wa Banati Naashi na Farkadani. Hapo pana nyota moja pweke, nyeupe, yenye nuru ndogo. Ndiyo Thubani.

Kutoka Mombasa, nyota hii ikifika juu kabisa huwa imepanda kiasi cha digrii 22 tu kutoka kwenye upeo, na wakati huo huwa imesimama barabara juu ya upande wa Kibla. Wataalamu wa falaki huzipanga nyota kwa daraja za mwangaza, na kadiri hesabu iongezekapo ndivyo nyota izidivyo kufifia. Thubani iko kwenye 3.7, na jicho zima katika kiza kizuri huweza kufika 6. Kwa hivyo katika kiza huonekana bila taabu. Lakini weka mbele yake taa za barabarani na vumbi la mji, nayo itatoweka kama haikuwapo.

Hafifu huku kwake ni kwa sababu ya umbali. Yenyewe ni jitu. Upana wake ni zaidi ya mara nne ya upana wa Jua letu, na moto wake ni mkali kuliko wa Jua. Nuru, ambayo hupiga mbio kilomita 300,000 kwa sekunde moja, huchukua kama miaka 300 kutoka huko hadi kutufikia. Naomba tulifikiri jambo hili. Nuru tunayoipokea leo iliondoka huko katika zama zile ambazo Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate, mwaka 1728, na Wareno walipokuwa wakirudi Ngomeni mara yao ya mwisho kabla ya kutimuliwa 1729. Ilikuwa njiani wakati wote wa Mazrui na Busaidi, Waingereza wakaja wakaondoka, na ndiyo kwanza inafika.

Kiti cha mbingu

Yako mambo mengine makubwa zaidi ya hayo. Nyota hii iliwahi kuwa sultani.

Kiasi cha miaka 2800 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Thubani ilikuwa imekaa kwenye kutubi ya kaskazini, pale ambapo mbingu yote huonekana kuzunguka. Nyota nyingine zote zilizunguka, na hiyo peke yake ikatulia. Wamisri wa kale waliokuja kujenga piramidi waliiona hivyo. Wako wataalamu wanaosema kwamba mfereji mmoja mwembamba uliotobolewa ndani ya piramidi kuu ya Giza ulielekezwa kwa nyota hii. Na wako wanaolikataa neno hilo. Lisilokatalika ni kwamba katika zama za wajenzi hao, aliyetaka kuijua kaskazini kwa nyota alikuwa na Thubani.

Leo kiti hicho kina mwenyewe mwingine, ile nyota ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliiita Jah. Nini kilichomtoa yule wa kwanza? Hakusogea yeye. Ni dunia yetu iliyosogea. Kila aliyekuwa mtoto ameichezea pia. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, kisha kichwa chake huanza kuyumba polepole na kuchora duara hewani. Dunia nayo huyumba vivyo hivyo, ila duara lake moja huchukua kiasi cha miaka 26,000 kukamilika. Hesabu yake ni digrii moja kwa kila miaka 72, umri wa mtu mmoja aliyejaaliwa kuishi sana.

Jah itakuwa karibu kabisa na kutubi kwenye mwaka 2100 hivi, kisha nayo itaanza kuachwa. Baada yake, katika miaka elfu mbili ijayo, zamu itakuwa ya nyota iitwayo ar-Rai, yaani mchungaji. Baadaye sana itakuja zamu ya Nasri Waki, tai atuaye, ambayo Wazungu huiita Vega. Na baada ya miaka zaidi ya 18,000 kutoka leo, Thubani itarudi kitini pake, ikiwa dunia ingalipo. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Jina na uzushi

Sasa nije kwenye jina, maana hapa ndipo panaponikera.

Thuban ni neno la Kiarabu, maana yake nyoka mkubwa. Kila aliyesoma chuoni amelikuta katika Surat al-Aaraf na katika Surat ash-Shuaraa, pale fimbo ya Nabii Musa ilipogeuka mbele ya Firauni. Na kwa kuwa nyota hii ilikuwa kutubi katika zama za Wamisri, haikawii kutokea mtu barazani akaunganisha mambo mawili haya, akasema kuwa nyota iliitwa hivyo kwa ajili ya nyoka wa Musa. Watu wakatikisa vichwa, wakasema Subhanallah, na siku ya pili yake habari imeshafika Malindi.

Haina asili habari hiyo. Kwa hesabu ya wanahistoria wengi, Musa alikuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya piramidi, na wakati huo nyota yenyewe ilikuwa imekwisha kujitenga na kutubi. Na jina hili halikutoka Misri. Wayunani ndio walioona katika sehemu hiyo ya mbingu joka lililojizungusha. Waarabu walipovitafsiri vitabu vyao waliliita Tinnin. Kabla ya hapo Waarabu wa jangwani walikuwa na picha yao wenyewe, na mimi kama mshairi naipenda zaidi: waliona ngamia majike wanne wamemzunguka mtoto wa ngamia, wakimkinga na mbwamwitu wawili wanaomnyemelea. Jina la Thuban lenyewe lilikuwa la kichwa cha joka, mbali na hapa, na ni huko Ulaya ndiko lilikohamishwa likapewa nyota hii. Chama cha kimataifa cha wanafalaki kilikuja kulithibitisha rasmi mwaka 2016.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu tuna ugonjwa wa kujivunia majina. Mara ngapi tumemsikia msemaji akituambia kwamba nyota zote zina majina ya Kiarabu, basi elimu hiyo ni yetu, Wazungu wametuibia? Watu hupiga takbiri, kisha hutawanyika, na katika umati ule hakuna hata mmoja awezaye kuinua kidole akazionyesha nyota tatu kwa majina yake. Mrithi gani huyu asiyejua mlango wa nyumba aliyorithi?

Urithi ulikuwa nini hasa

Mwaka 964, Abdurrahman as-Sufi, mzaliwa wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliandika kitabu chake juu ya nyota zisizohama. Mbele yake palikuwa na kazi ya Ptolemy wa Iskandaria, iliyoheshimiwa kwa miaka mia nane. As-Sufi hakuinakili akalala. Alitoka nje usiku, akazitazama nyota moja moja, akaandika: hii mwangaza wake ni pungufu ya ulivyosemwa, hii ni zaidi. Kisha akayaandika majina ya Wayunani na ya Waarabu wa jangwani yote mawili, kila moja mahali pake, bila kuyachanganya.

Angalieni pia ile hesabu ya kuyumba kwa dunia. Ptolemy alisema mbingu husogea digrii moja kwa miaka 100. Wanafalaki wa Kiislamu wakapima upya, wakaona hapana, ni miaka 66. As-Sufi akaitumia hesabu hiyo. Baadaye Nasiruddin at-Tusi akafikia miaka 70. Leo twajua ni kama 72. Waungwana hawa hawakuwa na darubini. Walikuwa na macho, na vyombo vya shaba, na subira, na ujasiri wa kumwambia mkubwa aliyetangulia kwamba hapa, bwana, hesabu haikukaa sawa.

Huo ndio urithi. Kwa maoni yangu, anayezua kisa cha nyoka wa Musa ili kuitukuza nyota, amemkana as-Sufi hata kama anamtaja kila siku.

Wazee wa bahari

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Shiraz na Samarkand tu. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, mji ulioko katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, alitunga mashairi ya kufundishia safari, na mojawapo linaeleza njia za pwani yetu hii mpaka Sofala. Wengi wetu tunamjua kwa kisa kimoja tu, kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, kisa ambacho wanahistoria wengi sasa hawakikubali. Tumeshika lile lisilo na uhakika tukaacha lile lililo wazi, nalo ni elimu yake.

Manahodha wa zama zake walipima urefu wa Jah kwa vidole, wakajua wako kaskazini kiasi gani. Nao walijua kwamba Jah siyo kutubi yenyewe. Wakati ule ilikuwa mbali nayo kwa zaidi ya digrii tatu, na hesabu zao ziliizingatia tofauti hiyo. Lakini huku kwetu Jah haionekani. Mombasa iko kusini ya Ikweta, na Jah imezama chini ya upeo kiasi cha digrii nne. Nahodha akitoka hapa na kusi, ni mpaka aipite Mogadishu ndipo aione ikichungulia majini. Basi huku kusini walipima kwa kitu gani? Walipima kwa Farkadani na kwa Banati Naashi. Na kama nilivyokwisha kusema, Thubani imekaa baina ya hizo mbili. Kwa hivyo mahali hapa pa mbingu palitazamwa na watu wetu usiku baada ya usiku, kwa sababu roho za watu na mali za watu zilitegemea kutazama huko.

Waliokuwa na elimu hiyo mikononi mwao wanaondoka mmoja mmoja. Tunawazika kwa heshima na kuwasomea khitma, na majina ya nyota waliyoyajua tunayazika pamoja nao.

Iliyotazamwa isionekane

Wapo watakaosema: Haya yamepitwa. Leo simu hukuonyesha Kibla, na chombo cha baharini kina mitambo yake. Nyota hafifu ya nini?

Nitawajibu kwa habari ya Thubani hiyo hiyo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu walijua kwamba haiko peke yake. Ina mwenziwe, nyota nyingine ndogo kuliko yenyewe, na wawili hao huzungukana kila siku 51 na ziada, wakiwa wameachana kwa umbali unaokaribia ule wa Utaridi na Jua. Lakini mwaka 2018 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho TESS, kilichowekwa angani kuzikodolea macho nyota bila kupepesa. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba nyota hizi mbili hupatwa: moja hupita mbele ya mwenziwe ikamfunika kidogo, na mwangaza ukapungua kwa muda wa saa sita hivi, kisha ukarudi kama ulivyokuwa.

Fikirini. Mafirauni waliitazama nyota hii. Wayunani, Waarabu, Waajemi, manahodha na darubini za Ulaya, wote waliitazama. Karibu miaka elfu tano, na hakuna aliyeona kwamba inapatwa, kwa kuwa upungufu wenyewe ni mdogo na saa zake ni chache. Ikiwa nyota iliyowahi kukaa kiti cha mbingu yote ilikuwa bado na siri ya namna hii, ni nani atakayethubutu kusema kuwa kutazama kumekwisha?

Ninachotaka

Ukitaja nyota leo katika mtaa wetu, mtu hukuuliza kama wewe ni Asadi au Akarabu, na kama wiki hii utapata riziki. Neno zima la nyota limeachiwa wapiga ramli. Wala si ajabu, maana wasomi walipoiacha falaki, waganga waliikuta haina mwenyewe. Dawa ya unajimu wa uongo si kuzikimbia nyota. Ni kuzijua. Qurani yenyewe, katika Surat al-Anaam, yatukumbusha kwamba nyota ni za kutuongoza katika kiza cha bara na bahari.

Na kila Ramadhani ikikaribia, na kila Shawwal ikitarajiwa, tunagombana juu ya mwezi. Huyu anafuata tangazo la huku, yule la kule. Ndugu wawili wa nyumba moja wanafungua siku mbili mbalimbali. Siingii katika fatwa, hilo lina wenyewe. Nasema tu kwamba miongoni mwa wanaogombana, ni wangapi walioizoea mbingu kabla ya usiku huo mmoja? Asiyezijua nyota kwa mwaka mzima ataujuaje mwezi mwembamba kwa dakika chache za magharibi?

Ninachotaka si kikubwa. Madrasa zetu zichague usiku mmoja katika mwezi, ule wa kiza, watoto wapelekwe ufukweni au juu ya sakafu ya nyumba, taa zizimwe, waonyeshwe Banati Naashi, Farkadani na Thubani. Wafundishwe majina hayo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Waambiwe yaliyo na hakika kuwa yana hakika, na ya kubahatisha kuwa ni ya kubahatisha. Na vijana wenye vinasa sauti wawaendee wazee wa bahari waliobaki, wawaulize walizijua nyota gani na waliziitaje, kabla hatujachelewa. Kazi hii haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Yahitaji mwalimu mmoja, na mwenye nyumba mmoja wa kuzima taa.

Nasi washairi tuna deni letu. Tumezitumia nyota kupamba mashavu ya wapenzi mpaka zimechakaa. Nimejaribu kulipa sehemu yangu kwa ubeti huu mmoja:

Thubani uli kitini, mbingu zikizungukia,
Taji haliko kichwani, nuru haikufifia,
Wangapi ulimwenguni, cheo kikiwakimbia,
Huzima kama kandili, kiza kikawaingia.

Umma wetu nao uliwahi kukaa kitini katika elimu hii, na kiti kikaenda kwa wengine. Kulalamika hakukirudishi. Juni ikifika, toka nje baada ya Isha, uelekee pale unapoelekea mara tano kila siku, uinue macho kidogo.